Saa Iliyokuwa Ikisikiliza

Krrr, kama panzi aliyenaswa ndani ya debe. Niliisikia nikiwa bado nje ya ua wa Mzee Obura, nikajua saa yangu imetiwa betri.

Nilikuwa nimeipata kwa kumpa dhahabu yangu mnunuzi mgeni pale machimboni Matongo, miaka ile dhahabu ilipotutia wazimu sote. Alisema haikosei, inajipanga yenyewe kwa redio. Akello binti Obura ndiye aliyekuwa akigonga rimu la gari kwa saa maalumu, kuwatoa watu mashimoni kabla baruti haijalipuliwa, na baba yake alishasema: huyo Mkurya mwenye maneno mengi alete kwanza saa ya kuaminika, ndipo azungumze habari ya posa. Nikaipeleka pamoja na shairi:

Saa yangu ya angani, haikosi hata chembe,
Akello weka nyumbani, mchana nije nitambe.

Nilipoingia, mishale ilikuwa inazunguka mbio. Ikafika juu kabisa, ikasimama. Saa sita. Majirani walijaa mlangoni, tukasubiri. Saa sita ileile.

Nikamwamkia mzee.

"Marahaba, Magige," alisema. "Kwa saa yako hii, hapa kwangu kila wakati ni wa ugali."

Walicheka mpaka masikio yakaniwaka. Nikanyakua karatasi ya maelezo, nikaisoma kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Saa ina redio ndogo tumboni. Kituo kimoja Ujerumani hurusha mapigo kila sekunde, mengine mafupi, mengine marefu. Kwa hayo saa husoma majira na kujirekebisha. Ila mawimbi yake hayafiki huku kwetu Mara. Nikawaambia saa ni nzima, inasikiliza tu, na hakuna anayeiita.

Obura akasema basi mgeni amekula dhahabu yangu. Nikanyoosha mikono niing'oe ukutani nikaivunje juu ya jiwe. Akello akanishika, akauliza kama inaweza kupangwa kwa mkono. Inaweza, nikasema, kuna kitufe nyuma. Lakini itapoteza majira kidogo kidogo kama saa nyingine yoyote.

"Wewe si una redio?" aliniuliza. "Ile milio ya saa kamili, kabla ya taarifa ya habari, huisikii?"

Hasira ikaniisha palepale. Obura akakohoa. "Kituo cha Ujerumani kiko mbali lakini hakichelewi," akasema akinitazama. "Hiki cha Matongo bado sikijui."

Nikamgeukia Akello, mbele ya walewale waliocheka.

"Kituo chako ni mimi. Kila siku saa saba mchana, milio ikilia, utanikuta nimesimama chini ya saa hii, redio mkononi."