Managu Ndani ya Koti

Tryphosa aliponiuliza ninakaa chini saa ngapi kwa siku, nilimjibu bila kupepesa macho: mbili.

"Kumi na moja!" mke wangu Nduta akapaza sauti kutoka jikoni.

Nilikuwa nimesahau kwamba kuta za nyumba yetu ya Giakanja ni za mbao. Tryphosa ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu, mzaliwa wa Bungoma aliyeolewa huku, na ana upole wa kukera. Hakubishana nami. Alifuta mbili kwenye simu yake akaandika kumi na moja.

"Na mazoezi, Baba Muchiri? Inafaa mtu mzima apate dakika mia moja hamsini kwa wiki. Wewe unapata ngapi?"

"Mingi sana. Mimi natembea."

"Kutoka kwa gari mpaka kwa kiti!" Nduta akasema.

"Na mboga na matunda? Viganja tano kwa siku."

"Viazi si mboga?"

"Hapana, mzee. Viazi haiingii kwa hiyo hesabu."

Jambo hilo liliniudhi kuliko yote. Nimekula viazi kwa miaka hamsini na sita nikijiona mtu wa mboga, halafu mtu anakuja nyumbani kwangu, anakunywa chai yangu, na kunivua cheo. Nilijaribu kutetea vitunguu vilivyomo kwenye mchuzi. Tryphosa akatabasamu, akanifunga mkono kwa mashine yake ya presha, na mashine ikasoma mia moja sabini na mbili juu ya mia moja na tatu. Hapo Nduta alitoka jikoni, na hakupaza sauti tena.

Zahanati walinipa vidonge, wakaniambia vidonge peke yake havitoshi. Nisimame kila baada ya nusu saa. Nitembee. Chumvi ipungue, na nusu ya sahani iwe mboga. Ningeyasikiliza hayo kwa adabu na kuyasahau kabla ya kufika nyumbani, kama si kitu kimoja: wilbaro.

Mwaka uliopita tulimpeleka mpwa wangu ruracio, kuposa upande wa Othaya. Gari lilikwama chini ya mlima kwa tope, wazee wenzangu wakapanda kwa miguu, na mimi nikaishiwa pumzi kabla ya kufika nusu ya njia. Wakanipandisha kwa wilbaro ya kubebea mbolea. Nikaingia kwa wakwe nimelala chali, suti ya kijivu, kofia mkononi, huku akina mama wa pale wakiimba kwa kujikaza wasicheke. Mtu alichukua video. Mpaka leo nikitoa hoja kwenye kikundi cha familia, kijana fulani hunijibu kwa picha ya wilbaro.

Sasa mwanangu wa pekee, Muchiri, alikuwa amempata Tabby, msichana wa Kangema, na ruracio ilikuwa baada ya miezi mitatu. Nyumba ya kina Tabby iko juu kabisa, katikati ya majani chai. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kumwombea mwanangu mke nikiwa nimefika kwa miguu yangu mwenyewe.

Basi nikaanza.

Ofisini kwangu mjini Nyeri, ambako nimegonga mihuri kwa miaka ishirini na tisa bila kuinuka ila saa ya chakula, nilitega simu iwike kama jogoo kila nusu saa. Siku ya kwanza ilipowika nikasimama wima, na watu wote kwenye benchi nao wakasimama. Walidhani mkubwa fulani ameingia. Mzee mmoja akavua kofia. Nilipoketi, wakaketi. Kufikia wiki ya tatu wenye kesi ndefu walikuwa wameizoea. Jogoo akiwika wanainuka, wanajinyoosha, wanatingisha magoti, na mama mmoja wa Mweiga akaniambia maumivu ya mgongo yamemwacha.

Jioni nilikuwa naacha gari nyumbani na kutembea hadi sokoni na kurudi. Hapo ndipo nilipojua mtu mwenye gari hatembei bure kwetu. Siku ya pili jirani yangu Wamae aliniuliza kwa sauti ya msibani kama gari limechukuliwa na benki. Siku ya nne vijana watatu wa bodaboda walisimamisha pikipiki zao kunibeba, na nilipokataa wakaendesha polepole nyuma yangu, kunilinda. Jumapili pasta alituombea, akasema Mungu huwainua walioshushwa. Nduta alicheka hadi akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Lakini nilikuwa nimelewa miguu. Nilikuwa napanda ngazi mbili mbili, napiga mluzi. Suruali zilinilegea. Tryphosa alipopima tena, mashine ilisoma mia moja arobaini na nne, na nikambusu Nduta shavuni mbele ya mgeni, jambo ambalo halijawahi kutokea Giakanja.

Nadhani ni ulevi huo ulionifanya nitie managu ndani ya koti.

Nilifikiri hivi. Katika ruracio zote nilizokula, mboga pekee niliyowahi kuona ni dania juu ya mbuzi. Miezi mitatu sijavunja sharti la nusu sahani hata mara moja. Kwa hiyo asubuhi ya safari nilijaza managu, ile mboga yetu chungu ya majani, ya kuchemsha, kwenye kopo la siagi, nikalifunga, nikalisokomeza kwenye mfuko wa ndani. Nduta hakujua. Angejua, angeniacha nyumbani na kopo langu.

Mlima wa Kangema niliupanda nikiimba. Kinuthia, rafiki yangu na msemaji wetu siku hiyo, mtu mwembamba kama fito, alisimama mara nne kushika kiuno, na mimi nikamngoja mara nne, kwa furaha isiyo ya Kikristo. Pale langoni akina mama walitufungia kama desturi, wakaimba, tukaimba, na lango lilipofunguliwa nilicheza kuingia. Muchiri aliniangalia. Alikuwa anacheka na macho yamemlowa, nami nikajisikia mrefu kuliko minazi ya Mombasa.

Baba Tabby, Mzee Ndungu, hakuja langoni. Alitupokea akiwa kwenye sofa, mtu mkubwa, mpana, mwenye mkono mzito wa salamu. Mama Tabby akapakua: pilau, mukimo, mbuzi, kuku, chapati nne kwa kila mtu. Kabla ya maneno ni chakula, na mgeni wa ruracio asipokula maana yake ana neno moyoni.

Nikala, kwa adabu. Kisha nikainamia meza, nikafungua koti, nikavuta kopo taratibu. Kifuniko kilikuwa kimekaza. Nikakivuta kwa nguvu. Kopo likanitoka mkononi, likabiringika sakafuni, na likatulia miguuni pa Mama Tabby, managu yamemwagika juu ya viatu vyake vipya.

Mama Tabby aliinua mguu mmoja, akautazama.

"Baba Muchiri," akasema, "hii ni nini?"

"Ni managu, mama."

"Managu? Ati mmekuja na chakula yenu? Kwa boma yangu?"

Kinuthia akaruka kuokoa jahazi. "Ni dawa tu, mama. Huyu mzee ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?" akauliza mjomba wa Tabby, akisukuma sahani. "Hiyo ugonjwa iko kwa damu yenu?"

Nilimwona Tabby mlangoni, ameshika mdomo. Nilimwona mwanangu amekuwa wa rangi ya jivu. Miezi mitatu ya kutembea, nami nilikuwa nimemvunjia nyumba kwa kiganja kimoja cha mboga. Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo, hata kwenye wilbaro.

Na hapo simu yangu ikawika.

Mwili uliozoea hauulizi. Nilisimama wima. Nduta naye, aliyekuwa anasimama na mimi nyumbani kila jioni, akasimama. Wazee wa kwetu walipoona tumesimama, wakadhani tunaondoka kwa hasira, wakasimama wote na kutafuta kofia. Mama Tabby akaanza kulia.

"Nani amewaambia?" alisema, na hakuwa akiniuliza mimi, alimgeukia binti yake. "Tabby, ni wewe? Uliwaambia baba yako anakula nini, ndio waje kutucheka na kopo?"

Sikuelewa. Nikajua tu kwamba uongo wa Kinuthia ulikuwa umetufikisha pabaya, nikasema ukweli wote kwa mkupuo.

"Mama, hakuna mtu amekuja kuwacheka. Mimi niko na presha. Ilifika mia moja sabini na mbili. Mwaka jana nilipandishwa kwa wilbaro kama mbolea, na nikaapa hapa kwenu nitafika na miguu yangu. Nimekula mboga miezi tatu. Niliogopa nikiacha leo nitarudi pale nilikuwa. Chakula yenu ni tamu, mimi ndio mjinga. Nisameheni, msimhesabie kijana."

Kisha Mzee Ndungu akauliza kutoka kwenye sofa:

"Mia moja sabini na mbili juu ya ngapi?"

"Mia na tatu."

"Hiyo ni kidogo," akasema. "Yangu ni mia moja themanini na nane juu ya mia na kumi."

"Yangu ilikuwa hiyo kabla nianze," nikasema, na Nduta akanikanyaga mguu.

Mzee Ndungu alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyesahau kucheka, kilianzia tumboni kikatikisa sofa. "Mama Tabby," akasema, "toa ile sahani yangu. Wameshajua."

Mama Tabby alifuta machozi, akaingia jikoni, akarudi na sahani iliyofunikwa: terere, karoti, kipande cha nduma, samaki mdogo. Hiyo ndiyo aliyokuwa amemfichia mumewe tangu asubuhi, asije akaonekana mbele ya wakwe anakula majani kama mbuzi wa zizini. Alipoona kopo langu alidhani tumepata habari na tumekuja kumkebehi.

"Hata mimi nilitaka kukula yangu jikoni nikijifanya naenda choo," akasema Mzee Ndungu. "Sasa niwekee hapa. Na huyu muokotee hiyo managu ingine imebaki kwa kopo. Tutagawana."

Tukala, wakwe wawili, bega kwa bega, kutoka sahani moja. Kinuthia alimaliza mbuzi wetu wote.

Maneno ya ruracio yalikwenda vizuri, isipokuwa jibu. Mzee Ndungu alikataa kulitoa. "Nitampa huyu nikimsindikiza," akasema, na watu wa nyumba yake wakatazamana. Baadaye Tabby aliniambia baba yake hakuwa amevuka lango lake kwa miguu tangu Krismasi. Wageni aliwasindikiza kwa macho.

Tulishuka polepole kati ya majani chai, yeye na fimbo, mimi pembeni. Chini barabarani watu wetu walikuwa wamekwisha kuingia kwenye magari. Na pale kando ya barabara nikaona wilbaro, mpya, imetandikwa blanketi. Mama Tabby alikuwa ameituma mbele imrudishe mumewe, kwa upendo.

Mzee Ndungu aliitazama. Akautazama mlima. Alikuwa anahema.

"Wewe ulisikiaje ndani ya hiyo kitu?" akaniuliza.

"Nilisikia nimekufa na nimesahauliwa kuzikwa."

"Basi."

Akageuka kuukabili mlima, na sikuweza kumwacha. Nikamwambia sasa mimi ndiye ninayemsindikiza. Tulipanda hatua ishirini, tukapumzika, hatua ishirini, tukapumzika. Nilimwonyesha jinsi ya kutoa pumzi kwa mdomo. Tulichukua dakika arobaini. Langoni akaegemea nguzo, jasho likimtiririka, uso ukimng'aa.

"Sasa," akasema, "heshima iko wapi nikikuacha ushuke peke yako?"

"Mzee, hapana."

"Mgeni ni wangu. Nitakusindikiza."

Tukashuka tena. Magari yalikuwa yanapiga honi. Nduta aliteremsha kioo akauliza kama tumerukwa na akili, na Mzee Ndungu akampungia fimbo kwa madaha. Wilbaro ilikuwa pale pale. Tulipogeuka kupanda mara ya pili Kinuthia alilala ndani yake, juu ya blanketi, akafumba macho.

Katikati ya mlima, pale miguu inapokataa kabisa, Mzee Ndungu alisimama na kunishika bega. Alizungumza akimeza pumzi kati ya maneno.

"Hawa watoto... wakipata mtoto... nani atambeba kutoka barabara... mpaka kwangu?"

Nilielewa kwamba hilo ndilo jibu. Nilitaka kupiga kelele ili Muchiri asikie kule chini, lakini pumzi iliyobaki ilikuwa ya kujibu tu.

"Mimi," nikasema.

"Wewe nani? Kwa shamba yangu? Atabebwa na mimi!"

"Mimi ndio nimeanza mazoezi kwanza."

"Nipe miezi tatu," akasema, akanyanyua mguu, kisha mwingine.

Jumatatu Tryphosa alikuja na simu yake. Akauliza wiki hii nimetembea dakika ngapi. Nikamwambia mia mbili na kumi, kwa siku moja, na nikangoja sauti kutoka jikoni.

"Andika," Nduta akasema. "Hiyo ni kweli."