Kiti cha Mgonjwa

Jamani, kuna watu hawana haya. Kitinda mimba wa Mama Sindano aliwapa watu wa makumbusho nyumba ya mama yake bure, akaomba kitu kimoja tu: kile kiti cha mikono cha chumba cha matibabu asinyimwe mtu aliyechoka. Msimamizi aliitikia, "Bila shaka, dada," huku akitingisha kichwa kama mjusi.

Mama Sindano alikuwa daktari wa kwanza mwanamke katika mji ule, na kiti kile kilikuwa cha wagonjwa. Mwenyewe alitibu amesimama, akizidiwa anakalia debe. "Mwenye maumivu ndiye mwenye nyumba," alikuwa akisema. Hata mumewe akikikalia, aliinuliwa.

Sasa siku ya ufunguzi kitinda mimba anaingia, anakuta nini? Kamba nyekundu na kibao cha USIGUSE. Juu ya kiti wameweka sanamu ya mama yake, ya plastiki yenye viungo vya kukunjwa kama zile za maduka ya nguo, koti jeupe, imekunja nne kama bosi. Damu ikamchemka.

"Kaka, mama hakukikalia kiti hiki hata siku moja."

"Wageni wanataka kumwona daktari amekaa kidaktari," msimamizi akasema. "Halafu kila mtu akikikalia, si kitavunjika?"

"Kimekaliwa na mji mzima hakikuvunjika, leo ndiyo kivunjike?"

Msimamizi akacheka kidogo, akaenda zake kupokea wakubwa. Kitinda mimba akabaki pale kando ya kamba. Ahadi ni deni, lakini wenzake walishaisahau kabla wino haujakauka.

Ndipo akaingia bibi mmoja na mkongojo wake, miguu imevimba, anahema. Alipokiona kiti uso ukamkunjuka, akanyoosha mkono kuivuka kamba. Mlinzi akamzuia.

"Bibi, hapo hapakaliwi."

"Hata mimi?" bibi akauliza. "Mbona daktari mwenyewe ndiye aliyenikalisha hapo, nikiwa na uchungu wa mwanangu wa kwanza?"

"Ndiyo utaratibu, bibi."

Kitinda mimba akampita mlinzi. Akaifungua kamba, akaikumbatia sanamu kiunoni, mbele ya wakubwa na kamera zao.

"Mama, inuka," akasema. "Mgonjwa wako amefika."

Akaikunjua miguu, akaisimamisha kando ya kiti, pale pale mama yake aliposimama miaka yote, na bibi akakaa.