Vyote Vimepata Wenyewe

Mama mkwe wangu, Bu Hajah Sumarsih, alikubali tuuze batiki mubashara kwa video ya simu kwa sharti moja: mimi nikae kimya. Mimi ni binti wa mchuuzi wa supu ya bakso, na kelele zangu, alisema, ni za barabarani. Nyumba yao imeuza batiki hapa mtaani Laweyan tangu enzi za bibi yake, na haijawahi kumwita mteja. Mteja ndiye aliyebisha hodi. Siku hizi habishi hodi mtu, wote wamehamia kwenye simu, na karakana imebaki na wachoraji wanne. Vitambaa vya Lebaran, sikukuu ya Idi, visipouzika, hao nao watarudi makwao, sisi tutabaki na jina tu.

Basi nikashika simu, yeye akaketi kwenye kiti cha msaji, ametulia kama anayepokea posa ya bintiye. Salamu zake ndefu tu zilinichosha mkono. Bei hakuitaja.

"Mama, sema bei," nikanong'ona.

"Anayejua batiki anajua bei."

Watazamaji wakaanza kuingia. Nikafurahi, mpaka niliposoma majina: wote wake wa mahaji wa darsa lake la Ijumaa. Bu Hajah Muntamah, muuza shela, akawa wa kwanza kuandika. "Mashaallah! Niwekee mimi hicho cha kahawia." Wengine wakafuata, niwekee, niwekee, hadi kila kitambaa kikapata mwenyewe. Nilijua fika hawana haja navyo. Walikuja kumsitiri mwenzao asionekane amekosa wateja.

Ndipo akaingia mgeni, Rannu, mwenye duka la nguo kule Makassar. "Dada, nachukua vyote. Nipe namba ya akaunti, nalipa sasa hivi."

"Dada yake nani?" mama mkwe akaguna. Kisha akaitazama simu kwa upole. "Samahani sana, mwanangu. Vyote vimepata wenyewe."

Nikamkanyaga mguu. Hata hakunitazama. Rannu akaaga.

Kesho yake udhuru ukamiminika. Mume wa huyu hapendi kahawia, yule kapata msiba, Muntamah kafikiwa na wageni. Kila ujumbe na vipicha vyake vya maua. Nikamwandikia Rannu mbio. Alikuwa ameshanunua kwingine. Nikamwendea mama mkwe nalia kwa hasira.

"Mama, hakuna hata mmoja aliyetaka kununua!"

"Najua."

"Unajua?"

"Wening, unaniona mtoto? Mwezi uliopita mimi mwenyewe nilimwambia Muntamah aniwekee shela rundo zima. Umewahi kuniona nimevaa shela lake?"

"Sasa yule wa Makassar ulimnyimia nini?"

"Nimpe kitambaa alichokishika Muntamah, mbele ya watu wote? Si ningekuwa nimemwita mwongo?"

Angekuwa mjinga ningemfundisha. Angekuwa mkaidi tungegombana, yakaisha. Lakini alikuwa anasema kweli: angemuumbua Muntamah, na mtaa huu ungemfungia milango yote. Nikamwona jinsi alivyochoka, nikamwonea huruma, nikajichukia kwa kumwonea huruma.

Mlangoni akatokea Yu Paitun, dada mkubwa wa karakana, mchoraji wetu mkongwe, mikono imejaa nta, uso unang'aa.

"Bu Hajah, jana tuliangalia wote kwa simu ya jirani! Kila kitambaa kimenunuliwa! Mjukuu wangu alikuwa anapanda basi leo, anakwenda kiwandani Semarang. Nimemzuia. Nimemwambia, unaenda wapi na kazi iko hapa hapa? Nimekosea?"

Mama mkwe akanitazama. Nikadhani sasa atamwambia ukweli. Kisha akatabasamu, tabasamu lile la kupokelea wageni.

"Hujakosea, Yu. Mlete."

Yu Paitun akamshika mkono, akaubusu. Nilisimama pale na simu yangu, nami pia nikashindwa kumkanusha mama mkwe mbele yake.