Asante kwa Mchango Wako

Kila asubuhi saa mbili Jerotich hufungua kompyuta katika ofisi ya chama cha maji, Kabazi, kuona tangi lina maji kiasi gani. Programu inayopima aliiandika mwenyewe, na isipokatizwa itapima mpaka kiama. Kuikatiza ni kubonyeza Control na C kwa pamoja. Hapo hunyamaza, na vimshale vitatu hutokea kwenye skrini vikingoja uviambie jambo lingine.

Jumanne moja alibonyeza wakati Kibii, fundi wa mabomba, akimsimulia habari za ng'ombe wa shemeji yake. Programu ikanyamaza. Kibii naye akanyamaza katikati ya neno, mdomo wazi, akingoja.

"Endelea," Jerotich akamwambia.

"Nilikuwa nimefika wapi?"

"Kwa kwato."

Kibii akaendelea kutoka kwa kwato.

Jerotich si mtu wa kuacha jambo bila kulichokonoa. Alichukua daftari akaanza kujaribu kubonyeza kila aliposikia sauti. Redio ilinyamaza. Mhubiri aliyepita na kipaza sauti alinyamaza, kisha akamshukuru kwa kumpumzisha. Jogoo hakunyamaza, wala mvua. "Ni wenye kusema maneno tu," aliandika. Kibii alisoma daftari, akasema kitu hicho kingemfaa sana nyumbani, ila kompyuta ni ya chama.

Alhamisi mkutano wa chama ulifanyika humo humo ofisini. Mwenyekiti, mzee Jonah, alitaka mfereji wa bondeni, bomba la kutekea maji, uhamishwe upelekwe juu, karibu na lango lake. Nanyama, mjane wa bondeni mwenye ng'ombe watatu na mgongo mbovu, alinyoosha mkono. Bila mfereji ule angepanda kilima na jerikeni kila siku, na daktari alishamkataza kubeba hata mtoto. Mwenyekiti alimkata kauli mara tatu.

"Wanachama, mimi naona..." alianza tena.

Jerotich akabonyeza.

Mwenyekiti alibaki na mkono hewani. Nanyama alitazama kulia, akatazama kushoto, akasimama.

"Hiyo mtaro ya bomba tulichimba sisi wamama wa huku chini," alisema. "Hii mgongo niliharibia hapo. Sasa mnataka nikunywe nini, hewa?"

Aliongea dakika kumi na moja. Watu wakapiga makofi. Jerotich alifurahi mpaka machozi yakamlenga.

Nanyama alipoketi, mwenyekiti akashusha mkono.

"Asante sana kwa mchango wako, mama," alisema. "Sasa, kama nilivyokuwa nikisema, mfereji unapanda juu. Wanaounga mkono?"

Mikono ikaanza kuinuka.

Jerotich alizijua programu za namna hiyo, aliwahi kuziandika. Amri ya kukatizwa huipokea vizuri, huandika ujumbe wa adabu, kisha hurudi kwenye mstari ule ule. Alibonyeza tena.

"Asante," akasema mwenyekiti.

Akabonyeza kwa nguvu, kwa hasira.

"Asante," akasema mwenyekiti, akihesabu mikono.

Jumatatu Kibii alifukua mabomba ya bondeni. Jumatano Nanyama alipanda kuteka maji, akapumzika mlangoni pa ofisi.

"Siku ile niliongea, ama?"

"Uliongea, mama. Mpaka mwisho."

"Na hakuna mtu alinikata."

"Hakuna."

Nanyama akatabasamu, kwa kweli akatabasamu. Akaweka kamba ya jerikeni kwenye paji la uso, akainuka kwa mara ya pili, maana ya kwanza mgongo ulikataa.