Tundu la Pili

Kazini walimwita Bwana Mchanga, na jina likamkaa. Miaka ishirini na sita alikuwa ameinamia hadubini, akichambua kwa brashi ya nywele tatu magamba ya viumbe wa baharini wenye seli moja tu, wadogo kuliko punje ya chumvi, akiamua nani ndugu wa nani. Makosa ya wenzake hakuyasamehe. Mmoja aliwahi kutangaza jenasi mpya, yaani ukoo mzima wa viumbe, kumbe ni kipande cha konokono, na Bwana Mchanga akamcheka mbele ya mkutano mzima mpaka mtu akahama idara.

Yeye mwenyewe alikuwa na jenasi moja tu, lakini alitembea kama mwenye ng'ombe mia. Aliitambua kwa gamba moja lenye matundu mawili, wakati viumbe wengine wote wa jamii hiyo wana moja. Akaipa jina la mkewe. Mkewe, fundi cherehani, aliutia fremu ukurasa wa jarida uliotangaza jina hilo, akautundika ukutani, na kila mteja aliyekuja kupimwa nguo alisimuliwa.

Jumanne moja Bwana Mchanga alikuwa akisafisha gamba la kawaida kabisa, la tundu moja. Mkono ukateleza, ncha ya sindano ikaligusa. Alipochungulia tena lilikuwa na matundu mawili. Akalitoa lile gamba lake maarufu kabatini, akayaweka pamoja. Mapacha. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa amelichora lake kwa wino mpaka likatiwa fremu.

Hakuna aliyeona. Angeweza kufunga kabati na kustaafu salama. Lakini kumwacha mkewe na kilemba cha ukoka kulimuuma, na kumvua kulimuuma zaidi.

Nyumbani alizunguka mbuyu weee, mpaka mkewe akatoa pini mdomoni na kumwambia aseme.

"Tundu nililitoboa mimi, kwa sindano," alisema. "Jenasi yako haipo."

Mkewe aliutazama ukurasa ukutani. Aliumia, na hakuficha. Kisha akauliza jina litakwenda wapi. Bwana Mchanga akaeleza kwamba litabaki kwenye orodha siku zote, chini ya jenasi ya zamani, pamoja na kosa na mkosaji, na kwa sheria ya fani yao hakuna jenasi nyingine ya mnyama itakayopewa jina hilo.

"Basi andika," alisema mkewe. "Mshono ukienda upande, aliyeushona ndiye anaufumua."

Bwana Mchanga akaandika kurasa mbili, akijitaja kwa jina mara nne. Zilipochapishwa, mkewe alizitia kwenye fremu ileile, chini ya ule ukurasa wa kwanza.

"Hapa mume wangu alinipa jina," huwaambia wateja. "Na hapa anakiri kuwa alikosea."

Wateja, hasa walioolewa, huanza kusoma za chini.