Aliyelala Kifudifudi

Kwa miaka saba Venuste alikuwa na hadithi moja ambayo watu walimwomba airudie, na kila alipoirudia ilinenepa kidogo.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Yeye na mkewe Marie-Thérèse walipotoka kambi ya wakimbizi hawakuletwa Virginia moja kwa moja. Walipelekwa kwanza Minnesota, akapata kazi kwenye kiwanda cha nyama ya bata mzinga, na huko mzee mmoja wa Kirusi aliyeitwa Gregori akamfundisha kuvua samaki juu ya ziwa lililoganda. Siku moja barafu ilimegeka na Gregori akazama hadi kwapani. Basi Venuste akalala kifudifudi, akajiburuta hadi ukingoni mwa lile tundu, akamrushia mzee skafu na kumvuta mpaka akatoka. Hapo wasikilizaji walishika vifua, na wengine wakamgusa mkono kana kwamba bado una baridi ya siku ile.

Gregori alikuwa mtu wa kweli. Barafu ilikuwa ya kweli, na skafu pia ilikuwepo. Ila aliyelala kifudifudi alikuwa mtu mwingine.

Hadithi hiyo ilipendwa zaidi nyumbani kwa Akintunde, kule Bowie, Maryland. Akintunde alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni akakishikilia kwa miaka arobaini. Kila Jumamosi ya pili alifungua sebule yake kwa yeyote aliyetaka kuzungumza lugha hiyo: Wakongo, Warundi, Wakenya, na Wamarekani wenzake waliokuwa bado wanahangaika na ngeli. Mara moja kwa mwaka walitoka pamoja. Mwaka uliopita walikwenda kuchuma matufaha. Mwaka huu, mwishoni mwa Novemba, Akintunde alisimama na kikombe mkononi.

"Ndugu zangu, nimefikiri sana. Tumesikia habari za barafu kwa muda mrefu. Safari hii tukavue wenyewe. Ndugu Venuste atatuongoza."

Watu wakapiga makofi. Venuste alicheka pamoja nao. Alimtafuta mkewe kwa macho, akamwona anakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Ziwa walilolichagua lilikuwa milimani, magharibi kabisa ya Maryland, mwendo wa zaidi ya saa tatu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulifikia. Akintunde alitaka waende Jumamosi ya kabla ya Krismasi, mara tu barafu itakaposhika, kabla umati haujafika. Venuste hakubisha. Angebisha vipi, naye ndiye mtaalamu? Alikuwa amezaliwa Uvira, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, na kwake ziwa lilikuwa kitu kinachocheza usiku na mchana. Wazo la kuweka mguu juu ya ziwa na uzito wake wote lilikuwa linamtoa jasho hata akiwa kitandani.

Wiki mbili baadaye, wakati wa mapumziko ya mchana, aliingia kwenye gari lake nje ya nyumba ya wazee alikofanya kazi, kule Rockville, akapigia simu duka la chambo lililo karibu na ziwa lile. Aliyepokea alijitambulisha kuwa Wayne. Alikuwa na sauti nzito, isiyo na haraka.

"Kabla sijakuambia lolote," Wayne akasema kwa Kiingereza chake cha milimani, "wewe umewahi kusimama juu ya barafu?"

Venuste alifungua kinywa kutoa jibu lake la siku zote. Lakini mtu huyu hakumjua. Hakuijua sura yake wala jina lake, wala hakuwahi kumwona akipigiwa makofi.

"Hapana," akajibu. "Hata siku moja. Na watu sita wananitegemea mimi."

Wayne hakucheka. Alimweleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kwenye gati barafu ilikuwa inchi tatu, naye hawaruhusu watu wake kutembea ikiwa chini ya inchi nne. Barafu nzuri ni ile inayoonyesha weusi wa maji chini yake. Ile nyeupe ina hewa ndani na haiaminiki. Mahali mto unapoingilia ziwani pasisogelewe kabisa. Mtu wa mbele hutembea na mtaimbo, akigonga kila hatua, na kila mmoja huvaa shingoni vishikio viwili vyenye misumari, ili akizama aikwaruze barafu na kujivuta. "Ila mwanzo huu wa msimu si wa wageni," akamaliza. "Njooni mwishoni mwa Januari, nitawapeleka mwenyewe."

Venuste aliandika yote nyuma ya karatasi ya zamu. Alipokata simu alijisikia mwepesi, wepesi ambao hakuwa ameupata kwa miaka. Haukudumu hata mpaka Jumamosi.

Jumamosi hiyo walikaa kuizunguka meza ya Akintunde. Jerotich, nesi Mkenya aliyependa kucheka, alikuwa anaandika orodha kwenye laptop: soksi za sufu, thermos, viti vya kukunja, kamba. Simu ya Venuste ililazwa katikati ya meza ikionyesha ramani ya ziwa.

"Alafu niongeze mtu mmoja," Jerotich akasema. "Mamangu. Si mnajua amekuja kutoka Eldoret? Amekataa kabisa, akasema hawezi tembea juu ya maji yeye si malaika. Nikamwambia, mum, relax, huyo anatupeleka ashawahi toa mtu ndani ya hiyo barafu. Nikampa story yote. Ndio akakubali."

Wote wakamgeukia Venuste, wakitabasamu. Alihisi uso wake ukifanya tabasamu lile lile ulilozoea.

"Na hali ya barafu?" Akintunde akauliza. "Umeulizia?"

"Nimepiga simu dukani. Ipo. Inchi tatu."

"Inatosha?"

Karatasi ya zamu ilikuwa mfukoni mwake. Aliisikia ikikwaruza alipojiweka sawa kwenye kiti.

"Kwa watu wenye kuongozwa vizuri," akasema, "inatosha."

Jerotich akaandika. Wakati bado vidole vyake vinatembea, simu iliyokuwa mezani ikaita. Namba ilikuwa ya kule milimani. Kabla Venuste hajanyoosha mkono, Jerotich alikuwa ameshabonyeza kitufe cha spika. "Ni watu wa ziwa!" akasema kwa furaha.

Sauti ya Wayne ikajaa sebuleni.

"Bwana, samahani kukusumbua. Wewe si ndiye yule uliyeniambia hujawahi kusimama juu ya barafu maishani mwako? Tangu tuongee sina amani. Asubuhi hii mbwa wa jirani yangu amezama hapa hapa kwenye gati. Nakuomba usiwalete watu wako. Umenisikia?"

"Nimekusikia," Venuste akajibu. "Asante." Akakata.

Akintunde alivua miwani. Jerotich alikuwa bado ameinua kidole chake juu ya meza.

"Nilimdanganya huyo," Venuste akasema, na maneno yakaja yenyewe, laini kama mafuta. "Miye nilitaka anieleze kila kitu toka mwanzo, kama mtu mupya. Ukiwaambia unajua, wanakuficha mambo."

Akintunde akapasua kicheko cha mtu aliyeshusha mzigo. "Ndivyo mwalimu mzuri anavyouliza!"

"Kaka, wewe ni mjanja sana," Jerotich akasema. "Ulinishtua!"

Wakamwamini. Hilo ndilo lililomvunja. Laiti mmoja wao angemkazia macho, laiti mmoja angeuliza swali la pili, angekuwa na mtu wa kupigana naye. Walimwamini wote, bila hata kuomba maelezo, naye akawatazama wakirudi kwenye orodha ya soksi. Marie-Thérèse aliweka birika mezani, hakumtazama, akaenda jikoni. Maji ya bomba yakasikika yakitiririka muda mrefu, bila mlio wa chombo chochote.

"So mum nimwambie inchi tatu ni sawa, si ndio?" Jerotich akauliza huku anaandika.

"Hapana."

Jerotich akainua kichwa.

"Usimwambie hivyo. Yule bwana amesema kweli. Sijawahi kusimama juu ya barafu."

"Lakini Gregori..." Akintunde akaanza.

"Gregori alizama. Miye nilikuwa ndani ya gari."

Akaeleza, akiitazama mbao ya meza. Siku ile Gregori alimwita mara tatu ashuke, naye akasema anaumwa mguu. Aliwasha hita, akakaa anamwona mzee kwa mbali, mdogo, amejikunja juu ya ndoo yake. Barafu ilipolia alidhani ni bunduki. Kisha akasikia jina lake. Gregori hakuweza kulitamka lote, alimwita Venu tu, na siku ile aliita Venu, Venu, mpaka sauti ikakauka.

"Nilifunga mlango," Venuste akasema. "Nilibonyeza kile kitufe cha kufunga milango yote. Kwa nini, sijui mpaka leo. Kama vile yale maji yangekuja kunifuata. Kijana mmoja alikimbia kutoka upande wa pili, ni yeye alilala kifudifudi. Skafu ilikuwa yake. Nilipofungua mlango mzee alikuwa ameshatoka, anatetemeka, na kitu cha kwanza aliniuliza kama mguu wangu umepata nafuu."

Bomba la jikoni lilikuwa limefungwa.

"Mwezi wa tatu mwaka ule tulihamia Woodbridge, Virginia. Sikumuaga."

Jerotich alifunga laptop polepole. "Mamangu, Venuste," akasema. Hakusema kaka. "Ningemshika mkono mamangu nikamweka juu ya hiyo kitu kwa sababu yako." Alichukua koti lake. Mlangoni alishindwa kupata mkono wa koti, akajaribu mara mbili, mwisho akatoka akiwa amelivaa nusu.

Akintunde aliendelea kukaa. Uso wake ulikuwa wa upole, na Venuste angependa zaidi apigiwe kelele.

"Mwanzoni ilikuwaje, ndugu? Nani alikuomba hadithi hiyo?"

"Hakuna mtu. Ulikuwa mwezi wetu wa kwanza hapa. Mtu mmoja kanisani aliniuliza habari za Minnesota. Nikaanza kusimulia, nikafika pa gari, nikapita. Akaniangalia vizuri." Venuste alitafuta maneno. "Tangu nifike nchi hii hakuna mtu alikuwa ameniangalia vile."

Akintunde aliitikia kwa kichwa, lakini hakusema kwamba si neno. Venuste alimshukuru kwa hilo baadaye. Saa ile aliona kama kiti kinamchoma.

Njiani kurudi Woodbridge magari yalikuwa yamebanana. Marie-Thérèse aliendesha. Walipita daraja la mto Potomac.

"Papa Jaël," hatimaye akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "miaka saba kila ukifika kwa skafu miye naenda jikoni."

"Kwa nini hukunisema?"

"Nilikuwa natazamia useme wewe mwenyewe. Halafu nikazoea. Leo uliposema inchi tatu zinatosha, nikajua na miye nimedanganya." Alifuta jicho kwa kiganja, akabadilisha njia. Venuste alitaka kumshika bega, akaona hana haki hiyo bado.

Jumanne Jerotich alipiga simu. Hakusalimu.

"Bado nina hasira. Mum anasema anataka kukusikia wewe mwenyewe, si mimi nimhadithie tena. Jumapili tuko nyumbani."

Jumapili baada ya ibada Venuste alikwenda. Mama yake Jerotich alikuwa mwanamke mwembamba, aliyevaa sweta mbili na kofia ya sufu ndani ya nyumba. Alimwonyesha kiti, akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane, akasema, "Haya." Venuste akasimulia, mara hii akianzia kwenye gari. Ilikuwa fupi sana bila yale mengine. Aliona aibu hata kwa ufupi wake.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Hakumlaumu, wala hakumpa pole.

"Huyo mzee yuko hai?"

"Sijui, mama."

"Miaka saba unakula jina lake, na hujui kama yuko hai?"

Jerotich, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono kifuani, aligeuza uso upande.

Safari ilisogezwa hadi Jumamosi ya mwisho ya Januari, Wayne akiwa mwongozaji. Akintunde alimwachia Venuste kazi ya kupiga simu zote, na Venuste alizipiga, akasoma kila unene wa barafu aliopewa kama alivyopewa, bila kuongeza wala kupunguza. Aliiandika orodha upya na kujiweka wa mwisho, chini ya wale wanaoanza. Mama yake Jerotich hakuweka jina. Alisema atangojea nyumbani, wamletee samaki.

Katikati ya simu hizo alipigia pia Minnesota. Kiwanda kilimpa jina la mwanamke mmoja wa ofisini, mwanamke huyo akampa namba ya binti wa Gregori. Binti alishangaa kidogo, akasema baba yake yupo, anakaa naye, masikio tu ndiyo mabaya. Apige Jumamosi mchana, aseme kwa sauti kubwa.

"Nimwambie nani amempigia?" akauliza.

"Mwambie Venu," akajibu. "Atajua." Kisha, kwa vile hakuwa na hakika hata ya hilo, akaongeza, "Mwambie yule aliyekuwa ndani ya gari."