Sinia Moja la Watachoka na Tutaona

Bulaimu alipokufa, mtaa mzima ulikaa tayari kumsikia mjane wake. Mwavita alikuwa na sauti. Kwenye harusi za Mikelenge yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na wanaomjua walisema kilio chake siku hiyo kitavuka mto Lualaba mpaka Alunguli, ng'ambo. Hakikuvuka hata kizingiti. Mume aliugua tumbo siku tatu, akafa usiku wa tatu, akazikwa asubuhi, na Mwavita alikaa kwenye mkeka na nguo zake nyeupe, macho makavu. Waliomwambia kwamba eda ni miezi minne na siku kumi, na kwamba atakaa ndani mpaka iishe, aliwajibu, "Sawa."

Si kwamba alijizuia. Alijipekua ndani, akakuta hamna kitu. Wanawake walimvumilia wiki ya kwanza, kwa sababu wiki ya kwanza mtu husamehewa mengi. Wiki ya pili wakaanza kuulizana penye maji mwanamke huyu ana moyo wa namna gani, asiyemlilia mwanaume aliyekaa naye miaka kumi na moja bila mtoto na asimwache.

Hadidja, dada mkubwa wa marehemu, alihamia pale kumtunza wifi yake. Ni neno tu, kutunza. Alikuja na mito yake miwili na redio yake, akachukua funguo za sanduku, na kila jambo aliloulizia alijibiwa neno lile lile. Tupike wali? Sawa. Nilale kwenye kitanda? Sawa. Hadidja alipenda sana neno hilo.

Katika ukoo wao, nyumba ikiwa na eda, wote waliomo hula sinia moja mpaka siku ya mwisho. Anayejitenga na sahani yake huonekana ana jambo anaficha. Basi Mwavita na Hadidja walikula pamoja mchana na jioni. Hadidja alikula haraka huku akitazama mkono wa mwenzake, tonge baada ya tonge, apate la kuhadithia penye maji. Mwavita alikula matonge matatu, akanawa.

Ndani ya uzio wa matete walikuwepo na wengine wawili walioishi na marehemu. Bulaimu alikuwa mwindaji, na Waislamu wa Kindu humsamehe mwindaji mbwa wake, mradi wasiguse vyombo wala mkeka wa kuswalia. Walikuwa mbwa wa msituni, wembamba, wekundu, wasiobweka. Mkubwa aliitwa Watachoka. Jina hilo Bulaimu alilichagua mwaka ule majirani walipokuwa wakisema wazi wazi kwamba Mwavita hazai na aongezewe mwenzake. Kila jioni Bulaimu alisimama mlangoni akaita kwa sauti, "Watachoka! Watachoka!" mbwa akaja mbio, na majirani wakapata jibu lao. Mdogo aliitwa Tutaona, alikuja miaka mitatu baadaye, kwa sababu majirani walikuwa bado hawajachoka.

Sasa nani awalishe? Hadidja alisema udhu wake hauchezewi. Ikawa kazi ya Mwavita, ambaye hajawahi kuifanya. Bulaimu aliwalisha mwenyewe alfajiri, akitoka kuswali, mke akiwa bado amelala. Mwavita alichukua sinia la zamani lililotoboka pembeni, akamimina makoko ya wali na sombe, yale majani ya muhogo, akaliweka katikati ya uwanja. Watachoka alikuwa amesimama karibu na kinu, akimtazama. Tutaona alikuwa amekwenda nyuma ya choo, akimtazama kutoka huko. Mwavita akagonga sinia kwa kijiko, akawaita wote wawili waje hapo katikati.

Jirani yake Kanku alikuwa amekuja kumletea kuni. Kanku alikuwa Mkasai, mume wake alifanya kazi kwenye reli, na katika wote waliokuja kusema pole yeye peke yake ndiye aliyeendelea kuja.

"Mama Mwavita, unafanyia imbwa matanga?" aliuliza.

"Nao banafiwa," Mwavita akasema. "Bakule pamoja, sawa na sisi."

Mbwa walikula, wametenganishwa na upana wa sinia, shingo zimekakamaa.

Wiki chache za mwanzo ilikuwa kunguruma tu. Kisha Watachoka akaanza kulala mbele ya mlango wa uzio na kumzuia mdogo asipite. Kisha Tutaona, ambaye zamani alikuwa akijilaza chini mkubwa akimtazama, akaacha kujilaza. Walitazamana kutwa. Walipopigana mara ya kwanza hapakuwa na kelele, kwa sababu mbwa hao hawana kelele. Ilisikika mikwaruzo ya kucha kwenye udongo na sinia likibiringika. Mara ya pili sikio la Tutaona lilipasuka. Mara ya tatu mguu wa mbele wa Watachoka ulishikwa na haukuachiwa mpaka Kanku alipoingia na ndoo ya maji akawamwagia yote.

Mwavita alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, upawa mkononi. Aliona kila kitu. Aliona damu inaingia mchangani na kubaki doa dogo jeusi, akawaza kwamba atalifagia kesho. Alijua kwamba mtu mwingine angepiga kelele. Yeye alingoja wamalize, kama mtu anavyongoja mvua ipite.

"Dada, hizi zitauana," Kanku alisema akihema, kitenge kimelowa.

"Sawa," Mwavita akasema, halafu akasikia jinsi lilivyotoka, akaongeza, "Asante ya maji."

Jioni alilisafisha sinia kwa majivu, akalijaza, akaliweka mahali pake.

Habari zilimfikia Abedi, mdogo wake Bulaimu. Abedi ndiye aliyesimamia salongo, kazi ya lazima ya kila wiki, mtaani kwao. Kila Jumamosi aliwapanga watu kukata majani barabarani, naye akasimama pembeni na beji ya chama kifuani, akiwaonyesha majani yako wapi. Kuamrisha kulikuwa kumemwingia mwilini. Alikuja Alhamisi, akakagua uwanja, akawaangalia mbwa, mmoja huku, mmoja kule, akasimama mbele ya mlango wa shemeji yake.

"Ile ya mukubwa ndiyo inaanzaka ugomvi," alisema. "Hadidja aliniambia. Imezeeka, akili imeharibika. Ya mudogo itakuwa na kazi bado. Mimi sitaki damu mu nyumba ya kaka yangu. Siku ya posho, salongo ikiisha, nitakuja kuikamata, niivushe, niimalize kule. Sawa, shemeji?"

Hapo palikuwa na nafasi. Mwavita aliiona baadaye mara nyingi, nafasi ile, pana ya kutosha kupitisha neno moja: hapana. Hadidja alikuwa ametega sikio. Abedi alikuwa tayari ameanza kugeuka, kwa vile alijua jibu.

"Sawa," Mwavita akasema.

Jumamosi, siku ya posho, Abedi akaja na panga la salongo kiunoni na kamba mkononi. Watachoka hakushindana naye, alikuwa akifungwa kamba na watu wa nyumba hii maisha yake yote na hakuna aliyemdhuru. Walipokuwa wanatoka alisimama mara moja kwenye kinu, akanusa chini, akageuza kichwa kumtazama Mwavita aliyekuwa mlangoni. Kisha kamba ikavutwa. Alivushwa kwa mtumbwi. Adhuhuri Abedi alirudi na kamba, akaitundika msumarini, akaomba maji ya kunywa. Mwavita akampa maji. Alimtazama anavyokunywa na kuona koo lake likipanda na kushuka, na ndani yake hapakutikisika kitu.

Siku ya pili yake, Jumapili, akaja Sumaili.

Sumaili na Bulaimu waliwinda pamoja tangu ujana. Wakati wa msiba hakuwepo. Alikuwa mahali paitwapo Kama kwa miezi mitatu, akitafuta dhahabu mtoni na watu wengine, akarudi na homa badala yake. Aliketi uwanjani kwenye kigoda, Mwavita akiwa nyuma ya pazia la mlango jinsi ipasavyo, na Hadidja katikati yao akichambua mchele.

"Shemeji, pole sana. Sikumuzika mwenzangu," alisema. Akafuta uso. "Tena nilikuja kukuomba ile mukubwa. Ngurube banaharibu mashamba huku Mikelenge. Ya mudogo bila mukubwa haijui njia."

"Haiko," Hadidja akajibu. "Abedi aliivusha jana. Iliisha. Ilikuwa inapigana."

"Inapigana na nani?"

"Na mwenzake."

Sumaili alimtazama Tutaona aliyelala nyuma ya choo na sikio lake lililopasuka.

"Miaka yote hii hazikupiganaka," akasema. "Munazikulishaka namna gani?"

Hadidja hakujua. Jibu lilitoka nyuma ya pazia. "Sinia moja. Pale katikati."

"Shemeji." Sumaili aliteremsha sauti. "Imbwa hazikulaka pamoja. Bulaimu alikuwa anaanza na mukubwa, pale ku kinu. Kisha mudogo, nyuma ya choo. Hata musituni, kila moja na fungu lake, mbali mbali. Hakukuambiaka?"

"Hakuniambia."

"Mukubwa hakuwa mubaya. Alikuwa anachunga sahani yake tu."

Alikaa kidogo zaidi, kwa adabu, akasema homa inamrudia, akaaga. Hakumlaumu mtu.

Mwavita alibaki nyuma ya pazia. Alimkumbuka Watachoka kwenye kinu, siku ya kwanza, na siku ya pili, na kila siku baada ya hapo, amesimama mahali pake akingoja chakula chake, na yeye Mwavita akigonga kijiko kumtoa pale. Miezi mitatu mbwa alimwonyesha. Yeye alikuwa na macho, aliona, na hakujali kuuliza kwa nini. Halafu Abedi akamwuliza, naye akasema sawa.

Mchana Hadidja alileta sinia, akanawa, akaanza kula, macho kwenye mkono wa wifi yake. Mwavita alitazama tonge lililokuwa kati ya vidole vyake. Akainuka. Akatwaa sahani mbili kutoka rafuni, sahani za watu, nzuri, zenye maua. Moja aliijaza wali akaipeleka nyuma ya choo.

"Zile ni sahani za watu, Mwavita," Hadidja akasema.

Sahani ya pili Mwavita aliijaza vile vile, akaenda nayo kwenye kinu, akainama kuiweka chini, akakuta hawezi kuiacha, kwa maana hakuna wa kuila. Akaketi hapo hapo mchangani na nguo zake nyeupe. Akala tonge moja. La pili likamkwama, na mdomo ukafunguka, akasikia sauti yake mwenyewe ikiita.

"Watachoka!"

Aliita tena, kwa sauti ile ya harusini, na mara ya tatu halikuwa tena jina, kilikuwa kilio, na hakikuwa na mwisho.

Kanku alikuwa wa kwanza kufika, akapiga magoti, akamkumbatia. Wengine wakaja mbio na vitenge vyao, uzio ukajaa. Hadidja alikuwa akiwapokea mlangoni, machozi yanamtiririka, na sura yake imetulia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Amelia," alikuwa akimwambia kila anayeingia. "Mungu mukubwa. Anamulilia ndugu yangu."

Nao wakaketi kumzunguka na kumlilia Bulaimu pamoja naye, wakimtaja kwa jina, wema wake na mishale yake. Mwavita aliwasikia. Alikuwa ameshika sahani mapajani kwa mikono miwili, na hakuna aliyethubutu kuichukua. Nyuma ya choo Tutaona alikuwa amemaliza chakula chake, akailamba sahani mpaka maua yakaonekana, akalala.